Binti Aliyeshika Kamera Hakuandikwa

Miezi kadhaa iliyopita nilialikwa harusini Gongoni, mtaa nilikokulia hapa Tabora mjini. Upande wa wanaume, uani chini ya mwembe, kulikuwa na kijana mwenye kamera begani, taa mbili na msaidizi wa kumshikia waya. Upande wetu wa ndani alikuwepo binti mmoja, umri wake hauzidi miaka 25, ana kamera moja ndogo. Hakuwa na taa wala msaidizi.

Bibi harusi alikuwa amevua mtandio, mikono imekolea hina na piko, mashangazi wamemzunguka kwa vigelegele. Chumba kile mwanamume haingii, hivyo yule binti alifanya kazi yote peke yake. Alisogeza pazia nuru iingie. Alimwomba somo arudi nyuma hatua moja. Alipoona bibi mzaa mama ameanza kulengwalengwa na machozi, hakumvamia. Alisubiri mpaka kikongwe akamshika mjukuu wake mkono, ndipo akasogea. Nilimtazama kwa muda mrefu. Binti yule alikuwa anaongoza.

Wiki mbili baadaye tulikusanyika sebuleni kuitazama video. Sehemu iliyowaliza watu ilikuwa ile ya ndani, ya bibi na mjukuu. Mwishoni majina yakapita: mwongozaji, mpiga picha, mhariri. Yote yalikuwa ya kijana wa uani na mwenye studio. La binti halikuwemo. Nilipokutana naye sokoni nikamuuliza imekuwaje. Akainama kidogo, akanijibu kwa heshima, "Shangazi, kamera si yangu."

Tangu siku ile jibu hilo halijanitoka. Nimekuwa nikilisikia kila ninapotazama filamu na tamthilia zetu, kwa sababu yaliyotokea katika nyumba moja Gongoni ndiyo yanayotokea katika tasnia nzima ya filamu na televisheni Tanzania. Mwanamke yupo, anafanya kazi, na kazi yake inaonekana. Lakini chombo si chake, uamuzi si wake, na jina linaloandikwa si lake.

Tunapozungumzia nafasi ya mwanamke katika filamu, tumezoea kuhesabu nyuso. Tukihesabu hivyo tutaridhika haraka, maana nyuso zipo: Monalisa, Johari, Riyama Ally, Wema Sepetu, Irene Uwoya, Jacqueline Wolper, Elizabeth Michael. Wanawake hawa ndio waliouza filamu za Kitanzania kwa miaka mingi, na mabango yalijaa sura zao. Mimi naomba tuhesabu kitu kingine. Nani aliandika mswada? Nani aliamua kamera ikae wapi? Nani alirekodi sauti, nani alipanga taa, nani alikaa usiku kucha kuhariri? Nani alisaini mkataba na kupokea malipo? Ukiuliza hivyo, ule umati wa wanawake unapungua ghafla. Unawakuta wengi wao kwenye mavazi, kwenye vipodozi na kwenye sufuria za chakula cha wasanii. Hizo ni kazi za heshima, na bila hizo filamu haitoki. Ila hakuna hata moja kati yake inayoamua hadithi isimuliweje.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulitambua jambo hili kabla ya wengine, maana tulishaliona kwenye misafara. Njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na historia inamkumbuka kirangozi aliyetangulia mbele, mnyampara aliyesimamia watu na mpagazi aliyebeba pembe. Wanawake walitembea njia hiyohiyo. Walibeba vyungu, mikeka na watoto mgongoni, na wanaume walipotua mizigo kambini ili wapumzike, kazi ya wanawake ndiyo kwanza ilianza.

Mwaka 1873 David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliubeba mwili wake mpaka pwani. Walipita hapa Unyanyembe Oktoba mwaka huo, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Kila mtoto wa shule anawajua Chuma na Susi. Ni wangapi wanamjua Halima? Halima alikuwa mpishi wa Livingstone tangu Ujiji, na alikuwemo katika msafara ule, yeye pamoja na Ntaoeka, mke wa Chuma. Mwaka 1874 Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakamsaidia mhariri aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za Livingstone. Halima hakupelekwa. Walioulizwa ni wanaume wawili, na kwa sababu hiyo safari ile tunaijua kwa macho yao. Aliyewasha moto kila jioni, akajua nani anaumwa na nani hakula, hakuna aliyeketi naye akaandika maneno yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Halima alikuwepo, na lake bado halipo, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kusimulia.

Kamera nayo ilipoingia Tanganyika iliingia mikononi mwa wanaume. Mwaka 1935 kule Vugiri, katika milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya na kodi. Mradi huo ulisimamiwa na Meja Notcutt na mwenzake Latham mpaka 1937. Baada ya uhuru tukaunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, na mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, kisa cha mwanamke mgonjwa na hofu yake kwa waganga wa jadi. Waongozaji walikuwa Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ikaja Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mulvihill, filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo za Oscar. Mswada wake uliandikwa na mwanamke, Queenae Taylor Mulvihill, na roho ya filamu ile ni Profesa Amandina Lihamba. Ikapita miongo miwili kabla hatujapeleka filamu ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, inayosimulia safari ya Yasmin, msichana wa Zanzibar aliyeozwa kwa mume asiyemtaka.

Filamu zote tatu nazipenda na waongozaji wake nawaheshimu. Lakini tazama zilivyofanana. Kila tulipotaka kuuonyesha ulimwengu kazi yetu bora, tuliuonyesha maisha ya mwanamke, na aliyeketi kwenye kiti cha mwongozaji alikuwa mwanamume. Mwanamke akawa ndiye hadithi, na mwanamume akawa msimulizi. Hata katika vibanda umiza vyetu mambo ni hayohayo. Tangu enzi za mfasiri Lufufu, sauti zilizovuma kwa kutufasiria filamu za Kihindi na za Kichina ni sauti za wanaume.

Je, mwanamke anaposhika kamera kuna kinachobadilika? Kinabadilika. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alikwenda kwenye machimbo ya kokoto ya Kunduchi, nje ya Dar es Salaam, akawapiga picha wanawake wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo ili wapate riziki. Filamu yake, These Hands, ina dakika 45 na karibu haina msimulizi kabisa. Kamera inakaa na wale wanawake chini, inaangalia mikono yao, inasikiliza nyimbo zao, inawaona wakinyonyesha katikati ya vumbi. Hakuna anayewatolea hotuba wala kuwasikitikia. Sioni ajabu kwamba aliyekuwa na subira ya kukaa vile ni mwanamke. Nilimwona mwenzake Gongoni, akimsubiri bibi amalize kulia.

Baada yake wamefuata wengine. Beatrix Mugishagwe aliongoza Tumaini mwaka 2005, filamu ya watoto walioachwa na wazazi waliofariki kwa Ukimwi. Seko Shamte aliongoza Binti mwaka 2021, kazi ya kampuni ya Angela Ruhinda na Alinanuswe Mwakalinga, juu ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Ndani yake tunaona ukatili wa mwenza na shinikizo la kutafuta mtoto vikisemwa kwa kina ambacho filamu zetu nyingi hazikijui. Filamu hiyo ikafika Netflix. Leah Mwendamseke, anayejulikana zaidi kwa jina la Lamata, amezifanya Kapuni na Jua Kali kuwa tamthilia zinazowakusanya watu mbele ya televisheni, na yeye ndiye mtayarishaji na ndiye mwongozaji. Akina mama wa Gongoni, Isevya na Ng'ambo wanaowahi kumaliza kuosha vyombo ili wasipitwe na tamthilia ya jioni wanajua wenyewe ladha ya hadithi iliyotoka kwa mtu anayeijua nyumba.

Wanawake hawa wanahesabika kwa vidole, na hapo ndipo penye tatizo. Nawauliza wanaotoa kazi sababu ni nini, na nasikia majibu matatu.

La kwanza ni kwamba kamera ni nzito na kazi ni ya usiku, haimfai mwanamke. Katika mkoa huu wa Tabora, ambako mwanamke hubeba ndoo ya lita 20 au mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, jibu hilo halistahili hata kujadiliwa. Kuhusu usiku, wauguzi wetu wa Hospitali ya Kitete hufanya kazi usiku kila siku. Kinachotakiwa ni usafiri salama wa kumrudisha mfanyakazi nyumbani, na huo hata mwanamume anauhitaji.

La pili ni kwamba wanawake wenye ujuzi hawapo. Jibu hili lilinisumbua mpaka nilipokikumbuka kile chumba cha bibi harusi. Kwa familia zetu nyingi za Kiislamu, hapa na kule pwani, harusi ya ndani haipigwi picha na mwanamume. Mila imeweka sharti, na sharti hilo limezaa mafundi. Kuanzia Unguja mpaka Tabora wapo wanawake wanaoishi kwa kamera, kwa sababu pana mlango mmoja ambao ni wao tu wanaoruhusiwa kuupita. Kumbe palipohitajika mwanamke, alipatikana, na kazi yake ikawaliza watu. Katika filamu na televisheni hawajapatikana kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuwatafuta. Hata lugha yetu haina kosa. Mwongozaji, mtayarishaji, mhariri, mpiga picha: Kiswahili hakikuuliza mtu huyo ni wa kike au wa kiume. Ni pale tulipoazima neno kameramani ndipo tulipoazima na mwanamume aliyekaa ndani yake.

La tatu halisemwi hadharani, bali linajulikana na kila msichana aliyewahi kwenda kwenye usaili. Ni rushwa ya ngono. Tunayo sheria. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalifanya kuwa kosa la jinai mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au upendeleo. Lakini sheria inahitaji shahidi, na shahidi anahitaji kesho kuwa na kazi. Mwenye kampuni, mwongozaji na mwenye kamera wakiwa ni marafiki watatu wanaojuana, msichana atamlalamikia nani? Akikataa hapewi nafasi. Akisema, jina lake ndilo linaloharibika. Ndiyo maana nasema kuwaweka wanawake kwenye meza ya uamuzi ni sehemu ya ulinzi. Mahali ambapo mamlaka yamegawanyika, siri za namna hiyo hukosa pa kujificha.

Chini ya majibu yote matatu lipo lile jibu la binti wa Gongoni: kamera si yangu. Kamera nzuri na lenzi zake ni mamilioni ya shilingi. Katika familia zetu, msimu wa tumbaku ukiwa mzuri, kijana wa kiume atanunuliwa pikipiki, na pengine kamera. Binti atanunuliwa cherehani. Wote wawili watasemwa wamewezeshwa. Miaka mitano baadaye kijana ana studio na anaajiri, na binti akitaka kupiga picha anakwenda kwake kuazima. Anayeazima hapangi bei wala haandikwi jina.

Ugonjwa huu si wa Tanzania peke yake. Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kushinda ya mwongozaji bora, Kathryn Bigelow, aliipata mwaka 2010. Wakafuata Chloé Zhao mwaka 2021 na Jane Campion mwaka 2022. Hapa Afrika, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO la Ouagadougou inaitwa Farasi wa Yennenga, kwa heshima ya binti mfalme aliyepanda farasi vitani. Imetolewa tangu 1972, na hadi tamasha la 2025 hakuna filamu iliyoongozwa na mwanamke iliyoitwaa. Tumemchonga mwanamke juu ya farasi, kisha kila mara tukawakabidhi wanaume sanamu yake.

Kwa jirani zetu kuna funzo. Anne Mungai wa Kenya alipata mafunzo katika chuo cha umma cha mawasiliano jijini Nairobi, akaongoza Saikati mwaka 1992. Baadaye wakaja Judy Kibinge, Wanuri Kahiu na Hawa Essuman, na leo huwezi kuitaja sinema ya Kenya ukawaacha waongozaji wanawake. Kibinge hakuishia kwenye filamu zake. Alianzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi. Chuo kilimfungulia Mungai mlango. Kibinge akatafuta fedha za kuwafungulia wenzake.

Nasi tunaweza kufanya hivyo bila kusubiri miujiza. Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vyetu vimezoea kuombea fedha hizo ufugaji wa kuku, sabuni na upishi. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wa Manispaa ya Tabora wawaambie mabinti kwamba kamera, taa na kompyuta ya kuhariria ni mradi halali kama banda la kuku. Mabinti watano wakiungana wanapata studio yao wenyewe, na harusi za kuwalipa zipo kila mwisho wa wiki. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao, unapotoa mikopo kwa wasanii, utenge fungu la wanawake wanaofanya kazi nyuma ya kamera na utangaze waliopata.

Bodi ya Filamu ina uwezo wa kufanya jambo lisilogharimu kitu. Kila kibali cha kutengeneza filamu kiende na orodha ya kikosi kazi inayoonyesha nani ni nani, wa kike na wa kiume, na kila mwaka hesabu hiyo itangazwe. Kisichohesabiwa hakirekebishwi. Vituo vya televisheni vinavyonunua tamthilia viweke sharti la wanawake katika uandishi, uongozaji na upigaji picha, kama ile mila ya chumba cha bibi harusi ilivyoweka sharti lake. Bagamoyo, mwisho wa ile njia yetu ya zamani, ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Shule ya Wasichana Tabora imewalea viongozi na wasomi wa nchi hii. Sioni kwa nini isiwe na klabu ya filamu, na mabinti wake wakashika njia ya Bagamoyo kwenda kujifunza kamera.

Waongozaji na watayarishaji wanaume, kaka zangu, nina neno kwenu pia. Kumfundisha binti kushika kamera hakuwapunguzii kitu. Mkabidhini kazi siku ambayo picha ni ngumu, si siku ya majaribio. Mwandikeni mkataba. Mkimwajiri, mlipeni alipwavyo mwenzake.

Nasi wengine, tusiotengeneza filamu, tusidhani jambo hili halituhusu. Sisi ndio tunaolipia harusi, mahafali na maulidi, na tasnia ya filamu ya Tabora inaanzia hapo. Ukimwajiri mtu wa video mwezi huu, muulize nani atapiga picha za upande wa wanawake. Ukitajiwa jina, lipa ujira wake mkononi mwake. Na siku ya kuitazama video, ngoja mpaka majina yaishe kupita. Kama jina lake halimo, irudishe kwa mwenye studio na usipokee mpaka liandikwe.